Mashujaa Wakikutana: Namna ya Kufurahia Mbwembwe za Runinga Ukiwa Msomaji wa Katuni wa Miaka Mingi

Wasomaji wa vitabu vya katuni wana swali wanalolirudia kila mara. Mtu aliyewasoma Flash, Superman na Green Arrow tangu shuleni, anayejua nani alikufa toleo gani na nani alifufuliwa kwa hila gani, anawezaje kutazama krosova za kituo cha CW cha Marekani bila kusaga meno? Krosova, kwa ambaye hajakutana nazo, ni vile vipindi ambavyo mashujaa wa tamthilia mbalimbali hukusanyika, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, kupambana na adui mmoja. Mavazi yanametameta kama plastiki, jeshi la adui limechorwa na kompyuta iliyochoka, na dunia ikiwa inakwisha kuna mtu lazima atoe mzaha.

Swali ni la haki, na sitakujibu kwamba uzime akili kwanza. Mwenye akili iliyowaka, anayezijua katuni zake vizuri, ndiye anayeweza kuzifurahia krosova kuliko wote, mradi ajue anatazama nini. Ushauri wote unaofuata umesimama juu ya hoja moja: krosova ni hadithi ya kukutana. Ukiitazama kama hadithi ya vita utachukia karibu kila dakika.

Kumbuka ulichokuwa unasoma

Lalamiko la kwanza huwa kwamba runinga imewageuza mashujaa kuwa vichekesho. Anayelalamika hivyo amesahau nusu ya kabati lake. Machi 1955 Superman alipewa mbwa, Krypto, anayeruka angani na joho mgongoni. Machi 1957, katika toleo la 241 la Detective Comics, Batman alitoka akiwa na vazi la rangi tofauti kila usiku, hadi lenye rangi zote za upinde wa mvua, ili macho ya watu yabaki kwake wasiutambue mkono wa Robin ulioumia. Mwaka 1959 Flash alipata adui ambaye ni sokwe mwenye akili nyingi, Grodd, naye bado yupo. Hakuna mtunzi wa runinga aliyewalazimisha wenye katuni kuyabuni hayo.

Krosova yenyewe ilizaliwa ndani ya mbwembwe hizo. Septemba 1961, katika toleo la 123 la The Flash lililoandikwa na Gardner Fox na kuchorwa na Carmine Infantino, Barry Allen anawaonyesha watoto yatima michezo ya kasi, anatikisika mno, na ghafla anajikuta katika dunia nyingine. Huko anamkuta Jay Garrick, Flash wa zamani, ambaye Barry alimjua kwa kumsoma katika vitabu vya katuni. Dunia sambamba zote za kampuni ya DC, pamoja na majedwali mazito ambayo mashabiki hujadiliana hadi usiku wa manane, zimeota kutoka kwenye mbegu hiyo: msomaji wa katuni aliyekutana na shujaa wa katuni yake. Miaka miwili baadaye Justice League walikutana na wenzao wa Justice Society, na kwa zaidi ya miaka ishirini kukutana huko kukawa desturi ya kila mwaka.

Hata tamthilia ya Batman ya 1966, inayolaumiwa kuliko zote, ilianzia kwenye karatasi. Hadithi yake ya kwanza, ya Riddler, ilitokana na toleo la 171 la Batman la mwaka 1965. Giza tunalodhani ndilo asili ya mashujaa lilitawala baadaye, hasa baada ya The Dark Knight Returns na Watchmen mwaka 1986. Kama uliingia kwenye katuni kupitia mlango huo, ni haki yako kuupenda, lakini usiuite msingi wa nyumba.

Mkutano ndio hadithi, vita ni kisingizio

Angalia mazingira ya kazi yenyewe. Kwa sehemu kubwa ya miaka ya krosova hizi, Arrow na The Flash zilikuwa zikitoa vipindi zaidi ya ishirini kwa msimu. Nyingi ya tamthilia hizi zilipigwa picha Vancouver, kila moja ikiwa na kikosi chake, na wakati wa krosova waigizaji walihama kutoka seti hadi seti. Vita vikubwa ndicho kitu ghali kuliko vyote katika runinga, na ndicho cha kwanza kuonyesha umaskini: kiwanja kitupu, usiku, miale ya rangi, wageni wa angani wenye mwendo usio na uzito. Anayeisubiri dakika hiyo kama kilele anajiandalia huzuni.

Kitu ambacho runinga inacho na sinema haina ni muda. Krosova ya mwaka 2014 ina mazoezi ambamo Oliver Queen, yaani Green Arrow, mkali kama kawaida yake, anamfundisha Barry umakini kwa kumtegea pinde zinazojifyatua, na Barry anapigwa mishale miwili mgongoni. Mwaka 2018, katika Elseworlds, wawili hao wanaamka wamebadilishana maisha, Oliver ana kasi na Barry ana upinde, na Barry analipa deni lile lile kwa njia ile ile. Kisasi kilichosubiri miaka minne, cha kitoto kabisa, na ni moja ya dakika zinazopendeza kuliko zote za tamthilia hizi. Msomaji wa katuni amefundishwa na miaka mingi ya matoleo kuthamini kumbukumbu ya namna hiyo. Mfano mwingine ni ghala la mwaka 2016, katika Invasion!, ambamo mashujaa wanapanga mikakati. Umbo lake ni la jumba la Super Friends, katuni ya runinga ya miaka ya 1970. Januari 2020 ghala hilo linakuwa makao yao rasmi, likiwa na meza ya duara na viti vyenye nembo, na kizimba kitupu chenye jina la Gleek, yule nyani wa Super Friends. Mtazamaji wa kawaida anaona kizimba tu.

Kwa hiyo unapotazama, yapime haya:

- Nani anakutana na nani kwa mara ya kwanza, na kila mmoja anamwonaje mwenzake?
- Nani anajifunza kitu ambacho katika tamthilia yake mwenyewe hakuna wa kumfundisha?
- Dhana gani ya katuni imetumiwa, na imetumiwa kwa nani?

Swali la nani kampiga nani liache. Jibu linajulikana, stelingi hafi, na akifa atarudi.

Utaratibu wa kutazama

Hapa ndipo wengi hukwama kabla ya kuanza. Krosova moja imekatwa vipande na kugawiwa tamthilia tatu, nne au tano. Anayenunua tamthilia kwa kujaziwa kwenye flashi, folda moja baada ya nyingine, anapata Arrow yote bila The Flash, na ghafla kipindi kinaanza katikati ya janga ambalo hakuliona likianza. Kosa si lako wala si la mtunzi. Kabla ya kulipa, hakikisha vipande hivi vipo, na uvitazame kwa mpangilio huu:

1. Kukutana kwa Flash na Arrow, 2014: The Flash msimu wa 1 kipindi cha 8, kisha Arrow msimu wa 3 kipindi cha 8.
2. Invasion!, 2016: The Flash msimu wa 3 kipindi cha 8, Arrow msimu wa 5 kipindi cha 8, Legends of Tomorrow msimu wa 2 kipindi cha 7. Kipindi cha Supergirl kilichotangazwa pamoja nazo kinaigusa krosova mwishoni tu; ukikikosa hujapoteza kitu.
3. Crisis on Earth-X, 2017: Supergirl msimu wa 3, Arrow wa 6, The Flash wa 4, Legends wa 3, kote ni kipindi cha 8.
4. Elseworlds, 2018: The Flash msimu wa 5, Arrow wa 7, Supergirl wa 4; kote ni kipindi cha 9.
5. Crisis on Infinite Earths, Desemba 2019 hadi Januari 2020: Supergirl msimu wa 5 kipindi cha 9, Batwoman msimu wa 1 kipindi cha 9, The Flash msimu wa 6 kipindi cha 9, Arrow msimu wa 8 kipindi cha 8, kisha kile cha Legends kilichotangulia msimu wake wa 5.

Je, lazima utazame misimu yote iliyo katikati? Hapana. Wewe uliyezoea kununua toleo la tatu la hadithi ya sehemu sita, ukajipanga mwenyewe, una ujuzi huu tayari. Soma muhtasari mfupi wa kila msimu, ujue nani ameoa na nani amekufa, uendelee. Ila Crisis on Infinite Earths usiimeze usiku mmoja. Kipande cha tatu kilirushwa tarehe 10 Desemba na cha nne tarehe 14 Januari, na katikati hapo ulimwengu wote ulikuwa umefutika, wamebaki watu saba. Mwisho ule umeandikwa ili ukae nao. Jipe hata siku tatu.

Mbwembwe zenye mapenzi na mbwembwe zenye dharau

Kusema kwamba mbwembwe ni urithi hakumaanishi kwamba zote ni nzuri. Kipimo ni hiki: je, mwigizaji anaiamini hatari iliyo mbele yake? Adam West, Batman wa tamthilia ya 1966, aliyazungumza maneno ya ajabu kuliko yote kwa uso mkavu kama wa hakimu. Katika filamu ya 1966 ana dawa ya kupulizia ya kufukuza papa, na anaitumia kwa utulivu wa daktari. Mtoto anaona hatari, mtu mzima anaona kichekesho, na wote wawili wametazama kitu kimoja. Watazamaji wa Tanzania na Kenya waliokulia kwenye vibanda vya video wanalielewa jambo hili bila kufundishwa: msimuliaji anayetafsiri filamu humwagia mapigano utani wake mwenyewe, na hakuna anayelalamika, kwa sababu stelingi akiwa taabuni sauti yake nayo inaingia taabuni.

Linganisha na Legends of the Superheroes, vipindi viwili vya Januari 1979 vya kituo cha NBC. Walikuwamo Adam West na Burt Ward, Robin wake wa 1966, wenyewe, na Frank Gorshin akiwa Riddler. Kipindi cha pili kiliwaweka mashujaa mezani ili wataniwe mmoja mmoja, na vicheko vikasikika kila baada ya sentensi. Watu wale wale, mavazi yale yale, na hakitazamiki, kwa kuwa hakuna aliyemo anayeamini chochote. Legends of Tomorrow, kwa upande wake, ina Beebo, mwanasesere wa manyoya ya buluu, ambaye katika sehemu ya mwisho ya Crisis anatokea mjini akiwa na ukubwa wa jengo. Mashujaa wanapigana naye kwa bidii ile ile wanayopigania ulimwengu. Upuuzi mtupu, nao unasimama.

Kuna ugumu mmoja ambao msomaji makini atauona. Tamthilia zinazokutana hazina sauti moja: Arrow ilianza mwaka 2012 ikiwa nzito, bila nguvu zozote za ajabu, na Legends ikaishia kuwa tamasha. Zikichanganywa, moja lazima iteleze. Ugumu huu ni wa zamani. Machi 1967 Batman alitembelewa na Green Hornet na msaidizi wake Kato, aliyeigizwa na Bruce Lee. Mtayarishaji wa tamthilia zote mbili alikuwa mmoja, William Dozier, lakini The Green Hornet ilikuwa inaigizwa bila utani. Mgongano huo ndio unaokifanya kipindi kile kitazamike hadi leo: Kato anatazama kila kitu kama mtu aliyeingia nyumba isiyo yake, na pambano lake na Robin linaishia sare. Oliver akikunja uso mbele ya vichekesho vya wenzake, usilione kuwa ni kosa la uandishi. Yeye ndiye mwakilishi wako ndani ya chumba kile.

"Lakini Crisis wameiharibu"

Hili ndilo pingamizi zito kuliko yote, na nitalichukua polepole. Crisis ya katuni, matoleo 12 ya 1985 na 1986, iliandikwa na Marv Wolfman na kuchorwa na George Pérez. Supergirl anakufa katika toleo la 7, Barry Allen katika la 8. Kwenye runinga wote wawili wako hai mwisho wa hadithi, na anayekufa ni Oliver, tena mara mbili. Mwenye kuipenda katuni anaona wizi.

Tazama tena kifo cha Flash. Watunzi wa runinga walijua unakisubiri. Barry wa Grant Gustin yuko tayari kukimbia hadi afe, lakini anayekwenda badala yake ni Flash mwingine, John Wesley Shipp, aliyecheza Barry Allen katika tamthilia ya 1990 iliyofutwa baada ya msimu mmoja. Anapokimbia, picha halisi za tamthilia ile ya zamani zinaonekana. Barry Allen amekufa kwenye Crisis kama katuni ilivyosema, na shujaa wa tamthilia iliyosahauliwa amepewa mwisho ambao hakuwahi kuupata. Tafsiri ya namna hiyo inaweza kuandikwa tu na watu walioisoma katuni kwa moyo. Wolfman mwenyewe alishiriki kuandika kipande cha Arrow, na anaonekana kidogo kama mpita njia.

Lengo nalo ni lile lile. Mwaka 1985 DC ilitaka kuziunganisha dunia nyingi ziwe moja kwa sababu za hesabu: wasomaji wapya walikuwa wanapotea. Mwaka 2020 runinga ilikuwa na Supergirl, iliyoanzia kituo cha CBS, na Black Lightning, iliyopigiwa picha Georgia, kila moja ikiishi katika dunia yake. Crisis ikazihamishia dunia ya Flash. Uhasibu uliovalishwa joho, safari zote mbili.

Nakubali kwamba si kila deni lililipwa. Kevin Conroy, sauti ya Batman kwa kizazi kizima tangu 1992, alipata hatimaye kumwigiza Bruce Wayne kwa mwili wake, na akapewa Bruce aliyegeuka muuaji mchungu. Wengi waliumia, na sidhani walikosea. Tom Welling, Superman wa tamthilia ya Smallville, alipewa dakika chache za shamba tu, lakini hizo zilitosha: Clark aliyeacha nguvu zake kwa ajili ya kulea, akimcheka Lex aliyesafiri dunia hadi dunia kuja kumuua.

Makosa yanayorudiwa

- Kusimamisha picha kila unapoona ishara ya katuni. Burt Ward anapita sekunde chache tu akimtembeza mbwa. Ukisimamisha, umeua mwendo wa tukio. Vitu hivyo viwekee mtazamo wa pili.
- Kumfafanulia mwenzako aliye kando. Asiyejua Earth-X ilitoka toleo la 107 la Justice League la mwaka 1973 anaweza kufurahia harusi ya Barry na Iris ikivamiwa na Wanazi bila mhadhara wako. Akiuliza, jibu kwa sentensi moja.
- Kulinganisha na sinema. Filamu ya saa mbili ina fedha nyingi na muda mchache. Hapa ni kinyume, na unayemwona akimlilia Profesa Stein katika Earth-X ni kijana aliyekuwa naye tangu kabla ya msimu wa kwanza wa Legends.
- Kudai kila mtu awe sahihi kama kwenye karatasi. Uliza swali moja tu: angefanya hivi? Rangi ya nywele na cheo cha kazi ni mambo ya msusi na mwajiri.
- Kutazama ili upate cha kulalamikia. Ukiona kalamu mkononi, zima.

Za kuruka

Zipo krosova ambazo kwa hakika ni matangazo. Ile ya 2015 yenye adui Vandal Savage ilikuwepo ili kuisukuma Legends of Tomorrow iliyokuwa inakuja mwezi uliofuata, na mashujaa wake wenye mabawa hawakuwahi kupata uhai. Sikuiweka kwenye orodha kwa sababu hiyo. Armageddon ya 2021 ina jina kubwa na ni vipindi vitano vya The Flash vyenye wageni. Itazame kama unaipenda The Flash, usiitarajie iwe zaidi.

Kama una jioni moja tu na bado una shaka, anza na viwili vya 2014. Ukivipenda, rukia Earth-X. Usipovipenda, jaribu kile cha Supergirl cha Machi 2016, msimu wa 1 kipindi cha 18, Flash anapoangukia dunia ya Supergirl kwa bahati mbaya. Kina adui ambao hata wasomaji wa katuni watawasahau kesho yake, na watu wawili wachangamfu wanaofurahi waziwazi kwamba wamekutana. Kama nacho hakikukugusa, aina hii ya tamthilia haikufai. Rudi kwenye karatasi: matoleo ya 21 na 22 ya Justice League ya 1963 yamechapishwa upya mara nyingi, na hayahitaji umeme.